Jalidi Juu ya Tanipu

Theluji ilipoyeyuka mwaka ule, Lempi Harju aliwakuta kulungu wamelala kwenye kinamasi cha mierezi, mbavu nje, magome ya miti yamewakwama midomoni. Njaa ya baridi ilikuwa imewamaliza. Kiangazi akamwomba Urho, ndugu wa marehemu mumewe, kipande cha shamba, akapanda tanipu, mboga za mizizi minene, na kabichi za malisho, ili wachache waliosalia wauingie msimu wa baridi wakiwa na mafuta mwilini.

Majani yakastawi hadi magotini. Kulungu wakapita kando, wakaenda zao.

"Shemeji," Urho alimwambia siku moja, ameegemea uzio, "umewapikia wageni, hawali. Labda umesahau chumvi."

"Baridi haijauma bado. Ngoja."

"Kwani wanangoja kadi ya mwaliko?"

"Wewe mwenyewe huji mezani mpaka uitwe mara tatu."

Urho akacheka, kisha akakaza uso. "Jumamosi naleta trekta, Lempi. Nageuza udongo nipande ngano kabla ardhi haijaganda."

Shamba lilikuwa la Urho.

Ijumaa mawingu yakatawanyika, upepo ukanyamaza. Jumamosi kulipopambazuka, Lempi alitoka na koti juu ya nguo ya kulalia. Jalidi, umande ulioganda usiku, ilikuwa imelishika kila jani, shamba jeupe kama lililonyunyiziwa unga. Aling'ata jani moja. Lilikuwa tamu. Siku zote alisikia kwamba baridi kali huyatia majani haya sukari, lakini kusikia si kuonja.

Ndipo akasikia mlio, kama watu wengi wakitembea juu ya theluji kavu. Akainua macho. Walikuwa wakitafuna. Majike na watoto wao, wamezama majanini hadi vifuani, pumzi zikiwafuka. Mmoja aling'oa tanipu nzima, akaivunja kwa meno, na jalidi ikamdondoka puani. Lempi alisahau miguu yake ilikuwa inaganda.

Trekta ikanguruma barabarani. Alitaka kupiga kelele, akaogopa kuwatisha. Mara ngurumo ikakatika. Urho akashuka, akaja mpaka kwenye uzio, kofia mkononi.

"Wako wangapi?" alinong'ona.

"Sijui. Wanazidi kuja."

Urho alitazama mpaka machozi yakamlengalenga, akasingizia baridi.

"Basi wale," akasema. "Ngano nitaipeleka kwingine."

Akaiacha trekta pale pale, akarudi kwake kwa miguu, akikanyaga nyasi za kando ya njia ili changarawe isilie.