Kishindo cha Gia ya Pili

Duane na Verlin Haskett walikuwa ndugu wa tumbo moja wasiopikika chungu kimoja, na marehemu baba yao, sijui kwa upumbavu au kwa kuwakomoa, aliwaachia gari moja: Pontiac ya mwaka sitini na nane, injini kubwa, giaboksi ya otomatiki. Wiki hii la Duane, wiki ijayo la Verlin. Ubavuni mwa giaboksi ile kuna kikopo chenye skrubu ndani. Ukiikaza, gia ya pili inaingia kwa kishindo, matairi yanalia, shingo zinarudi nyuma. Ukiilegeza, inaingia kimya kimya. Duane alikaza ili atambe nalo katika mji wao mdogo wa Lima kila Jumamosi jioni. Verlin alilegeza, akisema kaka yake ana utoto usiokwisha. Watu wazima wenye mvi, wanagombania skrubu!

Aliyechoka ni mama yao, Arlene. Alikuwa ametoka hospitali na nyonga mpya ya chuma.

"Kesho mnanipeleka makaburini kwa baba yenu," akasema. "Duane ataendesha kwenda, Verlin kurudi. Atakayenitonesha, gari si lake tena."

Asubuhi, Duane akinyoa ndevu, Verlin aliingia chini ya gari na bisibisi. Akakuta kaka yake ameshailegeza skrubu kama mtoto mwema. Akacheka peke yake, akaikaza mpaka ikagoma. Nani angemshuku? Mji mzima ulijua nani anapenda kishindo. Kabla ya kurudi angeilegeza hukohuko makaburini, mama akipanga maua. Nyonga ya mama hakuiwaza kabisa. Aliwaza uso wa Duane.

Mama akatoka na fimbo yake, akasaidiwa kuketi mbele. Kisha akasema, "Verlin, anza wewe. Duane ananuka bia ya jana."

Verlin akarudi nyuma hatua moja. "Mwache kaka aanze, Mama. Ndiye mkubwa."

"Leo ndiyo umejua mimi ni mkubwa?" Duane akauliza, akijitupa kiti cha nyuma. "Endesha, bwana we, au miguu imekufa ganzi?"

Angeweza kusema, ngojeni nirekebishe kitu. Lakini kulisema hilo mbele ya Duane? Afadhali akatwe ulimi. Akauweka mkono wa gia kwenye namba moja, ambapo gari haliwezi kubadili gia lenyewe, akaondoka. Injini ikapiga mayowe. Majirani waliokuwa wakitundika bendera wakageuka kuangalia.

"Linaumwa?" mama akauliza.

"Halijapata moto vizuri, Mama."

Duane akainama mbele, akautazama mkono wa gia. Verlin akamwona kwenye kioo akiacha kutabasamu, kisha akianza upya, taratibu.

"Umeikaza, shetani wewe. Ulitaka niadhirike mimi."

"Nyamaza."

"Basi weka D lijibadili lenyewe, shujaa. Weka tuone!"

"Usiguse, Duane! Mama ataumia!"

Duane alisikia. Alisikia vizuri kabisa. Akapenyeza mkono katikati ya viti, akausukuma mkono wa gia.

Gia ya pili ikaingia, gari likaruka kama limepigwa teke. Mama akatoa sauti ambayo wanawe hawakuwahi kuisikia. Verlin akasimamisha gari pembeni.

"Yeye ndiye aliyekaza!"

"Yeye ndiye aliyesukuma!"

Wakatukanana juu ya kichwa cha mama kilichoinama, wala hawakuona mlango ukifunguka. Walipotazama, alikuwa nje, ameishika fimbo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka usoni. Verlin akakimbia kumshika kiwiko.

"Usiniguse."

"Mama, makaburini ni mbali."

"Nani kakwambia naenda makaburini? Nikamwambie nini baba yenu?"

Akageukia upande wa nyumbani, akapiga hatua, akasimama, akapiga nyingine. Wanawe wakamfuata kwa mbali, kila mmoja upande wake wa barabara.