Asubuhi Bi Thoa Aliposhika Adabu

"Karibu sana, Mzee. Keti popote utakapopenda."

Mzee Khoan aliganda mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, mwavuli ukimchuruzikia kiatuni. Aligeuka nyuma kutazama ni mzee gani mwingine aliyekuwa akikaribishwa. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mvua tu na pikipiki za watu wa Hanoi wanaowahi kazini.

Alikuwa anakula tambi katika kibanda hiki kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na tisa, tangu alipokuwa karani wa reli hadi leo akiwa amestaafu, na katika miaka yote hiyo Bi Thoa hakuwahi kumkaribisha. Alimtukana. Alimwambia ana miguu ya konokono, kwamba kofia yake inatisha wateja, kwamba mtu anayetafuna polepole namna ile angekuwa amekufa njaa wakati wa vita. Na si yeye peke yake. Bi Thoa alimtukana kila aliyeingia, na watu walivuka mji mzima, wakapanga foleni kwenye mvua, ili wapewe bakuli la tambi za mguu wa nguruwe pamoja na matusi yake. Hao ndio watu wa Hanoi. Wape supu safi na mdomo mchafu, watakupenda mpaka uwachoke.

Leo, "Karibu sana, Mzee." Na leo ndiyo siku aliyokuja kusikiliza jibu la posa yake.

Jana yake alikuwa amemtuma Bi Luu, muuza chai wa pembeni, ampelekee Bi Thoa kifurushi cha tambuu na popoo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa akimposa mjane wa miaka sitini na tatu. Akiukataa uchumba, angekirudisha kifurushi. Akiukubali, angekibakiza na kuwagawia jamaa zake watafune. Bi Thoa alikipokea bila kusema neno, na kifurushi hakikurudi. Usiku kucha Mzee Khoan alijigeuza kitandani akijiandaa kwa matusi ya aina mbili: matusi ya ndiyo na matusi ya hapana. Aliamini ataweza kuyatofautisha kwa sauti. Kwa adabu hakuwa amejiandaa hata kidogo.

Aliwahi kumwona Bi Thoa akiwa na adabu mara mbili tu. Mara ya kwanza ilikuwa kwa mabwana afya. Mara ya pili ilikuwa kwa yule afisa aliyekuja kumwambia kwamba mumewe ameanguka kutoka kwenye jengo na hakuamka tena. Alimmiminia chai yule afisa, akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka barabarani.

Mzee Khoan alikaa kwenye kiti chake, kile kifupi cha plastiki ya buluu chini ya saa. Mbele yake alikuwepo Toan, dereva wa bodaboda, ameshika vijiti hewani, tambi zinaning'inia, mdomo wazi.

"Mama Thoa," Toan aliita, "unaumwa?"

"Nyamaza wewe! Tia chakula mdomoni kabla nzi hajaingia! Mama yako alikuzaa na domo hilo wazi, hukulifunga mpaka leo?"

Watu wakacheka, wakashusha pumzi. Kumbe hakuwa anaumwa. Msichana mmoja wa ofisini akaomba apunguziwe mafuta. "Mafuta yapungue hayo yaliyo kwangu, nani kakwambia niyapunguze ya supu? Kwani hapa hospitali?" Kila mtu alipata fungu lake, na alilipata kwa ukamilifu. Mzee Khoan alisikia masikio yakimwaka moto. Basi adabu ilikuwa yake peke yake.

Bi Thoa alimletea bakuli mwenyewe. Kwa kawaida alilisukuma mezani likateleza, nawe ulidake au uoge. Leo alilibeba kwa mikono miwili, kama anayemwandalia mgeni kutoka mbali, akaliweka taratibu. Ndani kulikuwa na kipande kile cha goti la nguruwe ambacho wateja hugombania, mabua ya magimbi yaliyokatwa vizuri, majani ya kitunguu juu. Akamwekea na ndimu pembeni, imekwisha kukatwa.

"Karibu chakula, Mzee. Ukipungukiwa na chochote, tafadhali useme."

Mzee Khoan alipangusa vijiti, akavipangusa tena. Alionja. Supu ilikuwa ileile, na haikupita kooni. Akaamua kufanya kitu ambacho mtu mwenye akili hakifanyi katika kibanda kile.

"Supu imepoa," alisema kwa sauti.

Vijiti vyote vilisimama. Miaka mitatu nyuma kuna bwana mmoja aliyesema hivyo, na bakuli lake lilimwagwa mtaroni mbele ya macho yake, naye akafukuzwa kwa mwiko mpaka kwa muuza magazeti. Huyen, mkwe wa Bi Thoa, aliyekuwa akiosha mboga, alirudi nyuma hatua mbili ili asirukiwe.

"Niwie radhi, Mzee," Bi Thoa alisema. "Nikubadilishie."

"Mungu wangu," alinong'ona yule msichana wa ofisini. "Mtu anakufa hapa."

"Nani? Bi Thoa au mzee?" aliuliza Toan.

"Wote wawili, naona."

Mzee Khoan hakuweza kuvumilia zaidi. Alinyanyuka, magoti yakimlia, akaenda mpaka penye sufuria kubwa. Mvuke ulikuwa umejaa kati yao. Juu ya ukuta, kwenye kimeza cha kuwakumbuka wafu, picha ya marehemu mume wa Bi Thoa ilikuwa inatazama chini kupitia moshi wa ubani.

"Bi Thoa," alisema polepole, "nimekukosea nini?"

Bi Thoa hakumtazama. Alikuwa anaengua povu kwenye supu, na aliendelea kuliengua hata pale lilipokwisha.

"Hujanikosea, Mzee. Lakini tangu jana mtaa mzima unajua. Unamjua Bi Luu, kifua chake hakina mlango. Leo nikikutukana watasema, haya sikilizeni, ameshaanza kumgombeza mume. Huyen tangu asubuhi hanitazami usoni. Mumewe ndiye mwanangu niliyemlea chini ya picha ile pale." Alishusha sauti zaidi. "Nikikibakiza kifurushi chako, nitamwambia nini baba yake? Nikikirudisha, nitakuaibisha mbele ya watu wote hawa, na umri huo ulio nao. Siwezi hili, siwezi lile. Nimebakiwa na adabu tu. Nenda kakae, tafadhali. Ule."

Tafadhali! Mzee Khoan alirudi kwenye kiti chake kama mtu aliyepigwa kibao na mtoto wa jirani.

Aliitazama hasara yake yote pale mezani. Mkewe alikuwa amekufa zamani. Mwanawe alikuwa Saigon, akipiga simu mwaka mpya. Mtaani walimwita Mzee, wakampisha njia, wakamwamkia vizuri, na hakuna aliyejua kama ana kifua au ana sukari. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyejua. Alipokohoa, Bi Thoa alipiga kelele, "Peleka hicho kifua chako kwa daktari, unanitia mate kwenye supu!" na kesho yake akamuuliza kwa kelele zilezile daktari alisemaje. Alipokosa kuja siku mbili kwa homa, alimtuma Huyen na bakuli na matusi ya kufuatana nalo, na Huyen, maskini, aliyatoa yote bila kupunguza hata moja. Kwa ajili ya hayo ndipo akatuma tambuu. Alitaka apewe na matusi yaliyosalia. Sasa amenyang'anywa hata aliyokuwa nayo, na kesho na keshokutwa na mpaka atakapozikwa ataambiwa karibu, tafadhali, niwie radhi.

Akasimama. Hakupanga kusimama. Aligonga meza kwa kijiko.

"Huyen! Mwanangu! Hebu niletee kile kifurushi changu cha tambuu."

 Hata supu ilisikika ikitokota.

"Kipi, babu?" Huyen aliuliza, akijua fika ni kipi.

"Nilichotuma jana. Nilikuwa na homa jana. Bi Luu akanijaza maneno, nami nikajaa." Alisikia sauti yake ikitoka kubwa, sauti ile ya kutangazia treni. "Nimeamka nimepona. Mwanaume mwenye akili zake ataliingiza domo hili nyumbani kwake? Heri nioe kichwa cha treni. Kile kikifika stesheni, hunyamaza."

Hakuna aliyecheka. Toan aliweka vijiti chini na kufumba macho. Hakuna mtu, tangu kibanda kijengwe, aliyewahi kumtusi Bi Thoa. Na hakuna mtu wa rika lile, katika mtaa ule, aliyewahi kudai arudishiwe posa yake hadharani, kati ya mabakuli, kama anayedai mwavuli alioazimisha. Aibu yote aliibeba Mzee Khoan mwenyewe. Bi Thoa alikuwa amesimama na upawa mkononi, na uso wake haukuwa na rangi.

Huyen alikwenda chini ya kimeza cha marehemu, akarudi na kifurushi kwa mikono miwili. Mzee Khoan alinyoosha mkono akakipokea.

Kitambaa kilikuwa chembamba, lakini kizito kwa maji. Kilikuwa kimelowa. Aliinua ukingo wake. Majani yalikuwa mabichi, yanang'aa, kama yamechumwa alfajiri ile. Kwa joto la msimu ule, majani ya tambuu hunyauka usiku mmoja yasiponyunyiziwa, na kuyaweka hivyo ni lazima uamke kila saa uyapitishie maji. Mtu hakikeshei kitu anachotaka kukirudisha.

Akamtazama Bi Thoa. Bi Thoa alimtazama yeye. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi ile, na macho yale hayakuwa na adabu hata chembe.

Lakini maneno yalikwisha kutoka, na watu thelathini walikwisha kuyasikia. Angeweza kuyameza tu kwa kumwaibisha Bi Thoa. Huyen alikuwa bado amesimama pale, akimtazama mama mkwe wake usoni, safari hii bila kukwepa, kwa huruma na kwa nafuu isiyofichika. Mzee Khoan akakitia kifurushi kwenye mfuko wake wa kitambaa.

"Basi," alisema. "Tumemaliza."

"Tumemaliza?" Sauti ya Bi Thoa ilianzia chini, ikapanda. "Tumemaliza nini, zee lisilo na haya wewe? Nani alikwambia nakutaka? Umejitazama? Kofia imeoza, meno matatu, kutafuna huwezi, utaoa? Kaa chini! Nimekupa bakuli kwa mikono miwili unaliacha lipoe, unamwachia nani, mbwa? Kaa, nimesema! Na hayo mafuta ya juu usiyaguse, sukari imekupanda juzi, unataka uniangukie hapa nikupeleke hospitali na foleni yote hii?"

Kibanda kililipuka kwa vicheko. Toan alipiga meza, msichana wa ofisini akajifuta macho, na mlangoni watu wa foleni wakaanza kuulizana kumetokea nini. Bi Thoa hakucheka. Alitukana huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, bila kuyafuta, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Mzee Khoan aliketi. Aliinamia bakuli ili wasimwone, akala goti lote la nguruwe, tambi zote, supu mpaka tone la mwisho, na kila kijiko kilipita kooni.

"Na kesho ukichelewa, utakula mifupa!"

"Ndiyo, Bi Thoa," alijibu.

Mfuko alikuwa ameupakata. Maji ya majani yalikuwa yanapenya kitambaa, yakapenya suruali, yakamfikia ngozi, baridi. Hakuusogeza.