Mbuzi Aliyeitwa Ethiopia

Kule Mbeere, katika nyanda za chini za Embu ambako mvua huahidi sana na kuleta kidogo, watu huwaita mbuzi kwa rangi na maumbo yao. Mweupe, wa madoa, mwenye pembe moja, basi. Wambeti, mama mjane, yeye aliwapa mbuzi wake majina ya miji na nchi. Alikuwa na redio ndogo ya betri, na jioni alipokuwa akikama alisikiliza habari za dunia. Mahali pakimvutia, mbuzi wa kwanza kuzaliwa baada ya hapo alipata jina hilo, na Wambeti aliapa mbele ya zizi kwamba mbuzi huyo akikua atauzwa, na bei yake ndiyo nauli ya kumpeleka huko huko. Hakuwa akifanya mzaha. Mpango ulikuwa mzuri kabisa, na ungemfikisha mbali, kama asingekuwa na watoto.

Maana Bombei alikua, akanenepa, akalipa karo ya mwanawe Adrian ya kidato cha kwanza. Tokyo alinunua mabati ya jikoni. Roma, ambaye Wambeti alimtunza sana kwa sababu alitaka kulitazama kwa macho yake lile kanisa kubwa linalotajwa redioni, alikwenda kwa daktari wa meno na hakurudi. Brazili, aliyezaliwa mwaka wa Kombe la Dunia, aliliwa siku Purity bintiye alipofuzu ualimu, na wageni wenyewe wakanung'unika kwamba nyama ni kidogo.

"Wambeti ameuza dunia yote na hajavuka hata mto Thuci hapa jirani," majirani walisema. Naye alicheka pamoja nao, kwa sababu ilikuwa kweli na ilichekesha. Lakini kucheka ni jambo moja na kuridhika ni jingine.

Basi alipozaliwa jike mmoja wa rangi ya chai ya maziwa, miguu mirefu, shingo juu kana kwamba ana shamba mjini, Wambeti alimwita Ethiopia. Ni nchi ya kwenye Biblia, na zaidi ya hayo madereva wa malori walikuwa wamemwambia kwamba hufikiwa kwa barabara, hakuna haja ya ndege. Krismasi ilipofika aliwakusanya watoto wake, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye mishahara, akawaambia, "Huyu hauzwi kwa shida ya mtu. Hata mkiugua nyote siku moja."

Mwaka wa tisini na sita, Adrian, ambaye alikuwa karani mjini Meru na akivaa tai hata Jumamosi, alimleta nyumbani msichana aitwaye Igoki, mzaliwa wa Timau, huko kwenye baridi upande wa pili wa mlima. Igoki alifanya kazi ya kufunga maua katika shamba moja kubwa. Wambeti hakumuuliza kama anajua kupika. Alimpeleka zizini.

"Hayo maua unafunga, yanaenda wapi?"

"Uholanzi, mama. Yanapanda ndege kila siku."

"Na wewe?"

"Mimi napanda trekta."

Wambeti alicheka mpaka akaushika mti wa zizi asianguke. Kisha akamtambulisha kwa mbuzi mmoja mmoja, na akamsimulia habari za wale waliotangulia: aliyelipa karo, aliyenunua mabati, aliyeng'oa jino. Igoki alicheka hadi machozi. Halafu akauliza, "Na huyu mrefu?"

"Huyo ni Ethiopia. Huyo ni wangu."

Igoki hakucheka tena. Alimtazama mbuzi, akamtazama mama, akasema polepole, "Utaenda, mama." Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Wambeti neno hilo bila kutabasamu pembeni, na tangu saa ile alimpenda msichana huyo kuliko alivyompenda yule aliyemleta.

Wazee wakakutana, maneno yakazungushwa kama desturi, na idadi ya mbuzi wa mahari ikakubaliwa. Wambeti alichagua wanono, akamwacha Ethiopia kambani nyuma ya jiko. Lakini kizuri hakikosi kasoro. Asubuhi ya safari, walipokuwa wakiwapakia kwenye pikapu ya kukodi, mbuzi aitwaye Kanada aliruka vibaya, akaanguka chini na kuvunjika mguu.

Ndwiga, shemeji yake Wambeti, ndiye aliyekuwa msemaji wa safari hiyo, kwa vile marehemu kaka yake, mumewe Wambeti, hakuwapo kusema mwenyewe. Alimkagua Kanada, akatikisa kichwa. "Mbuzi kiwete hapelekwi kwa wakwe. Na kupunguza hatuwezi. Tulisema idadi, na neno la wazee ni neno."

Mmoja alitazama matairi, mwingine alitazama mawingu. Kila mtu alitazama kila mahali isipokuwa nyuma ya jiko. Adrian alitazama viatu vyake. Kama angeomba, Wambeti angemkatalia, maana jibu alikuwa nalo tayari tangu Krismasi. Lakini hakuomba, na ukimya wake ndio uliomshinda mama. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akaenda, akafungua kamba, akamvuta Ethiopia, akampandisha garini kwa mikono yake.

"Msiniangalie hivyo," alisema. "Washeni gari."

Alikuwa na hasira mpaka wakapita Chuka. Alimkasirikia Kanada kwa kuruka, alimkasirikia Adrian kwa kupenda, akajikasirikia yeye mwenyewe zaidi ya wote. Mto Thuci waliuvuka na hata hakugundua.

Timau kulikuwa na ngano hadi macho yanapochoka, na baridi iliyowafanya mbuzi wa Mbeere wakunje masikio. Kimeru na Kimbeere ni ndugu, lakini ndugu nao huhitaji mpatanishi, kwa hiyo palipokwama walisaidiwa na Kiswahili. Mithika, baba yake Igoki, aliwapokea akiwa amevaa sweta mbili. Zamani wangetoa pombe ya asali, lakini nyumba zote mbili zilikuwa za kanisa, basi kilichowekwa katikati ya wazee kilikuwa kibuyu cha uji wa wimbi.

Uji huo hauguswi hivi hivi. Kwanza binti huitwa, akaulizwa mbele ya watu wote kama wazee wanywe au wasinywe. Akisema wanywe, amekubali kuolewa. Akikaa kimya, wageni watafute gari lao. Siku nzima ya maneno ya wanaume, na msichana ana swali hilo moja tu la kujibu.

Igoki alitoka nyumbani katikati ya wasichana wenzake. Alipita karibu na mbuzi waliofungwa uani, na hapo akasimama. Alimwona Ethiopia akitetemeka. Akageuka kumtazama Wambeti, na Wambeti akajifanya anapenda sana ngano.

"Igoki," Mithika alianza, "hawa watu wametoka mbali na hizi mbuzi. Unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Sasa utuambie. Hii uji tunywe, ama tusinywe?"

Igoki hakujibu. Wanawake walioanza kuvuta pumzi wapige vigelegele wakaishia na pumzi zao. Adrian alitokwa na jasho pale Timau, mahali ambapo mtu hutokwa na jasho labda akiwa na malaria. Msichana amemwona mbuzi, Wambeti alijiambia, amejua mwanangu ni mtu wa namna gani, na sasa atamkataa. Akaomba kimyakimya: Mungu wangu, mchukue Ethiopia. Chukua hata redio.

"Baba," Igoki alisema hatimaye, "mbuzi ya mahari inaweza kurudishwa?"

Wazee waliguna. Mithika akakunja uso. "Mbuzi ikirudi, posa imerudi. Unajua hivyo."

"Najua. Na mzazi akitoa msichana, si anampatia kitu ya kwenda nayo?"

"Anampatia."

"Kitu gani?"

"Kitu atachagua, kama si kunimaliza."

"Basi nimechagua. Nataka ile mbuzi ndefu, ile ya rangi ya chai. Unipatie leo, mbele ya hawa watu. Ikishakuwa yangu, nitapatia mtu mwenye nataka. Hapo haijarudi, baba. Imetoka kwako." Akakitazama kibuyu. "Na ukinipatia, mnywe."

Mzee mmoja wa upande wa Mithika alianza kucheka, akaushika mkongojo wake na kucheka zaidi. "Hii kazi ya kusema tungemwachia huyu," alisema, "sisi tungebaki kwa moto." Mithika alijitahidi kubaki amekunja uso, ikashindikana. Akainua mkono akasema, "Chukua," na kibuyu kikaanza kuzunguka.

Igoki alimfungua mbuzi mwenyewe. Alikatisha ua na kuiweka kamba mkononi mwa Wambeti. "Ni yako, mama," alisema. "Ni mimi nimekupa." Wambeti alilia bila kujificha, akiwa amemkumbatia mbuzi shingoni mbele ya wakwe, kisha akajipangusa kwa kitambaa cha kichwa akaingia kwenye ngoma. Alicheza mpaka akina mama wa Timau wakamwachia uwanja.

Jioni hiyo pikapu iliwarudisha wakiwa wanaimba. Walipokaribia Meru, Adrian, ambaye furaha ilikuwa imemlegeza ulimi, alisema, "Mama, Mungu ni mkubwa! Sasa si hiyo mbuzi itatosha kukodi hema na viti za harusi?"

"Ama tuichinje tu hiyo siku," Ndwiga aliongeza. "Nyama isiwe kidogo tena."

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu wa nyumbani tu, na watu wa nyumbani wakiona mbuzi huona shida ambayo mbuzi huyo ataitatua. Wambeti alikuwa akiwaona Bombei, na Tokyo, na Roma, na Brazili, wakitoka mmoja mmoja kwa lango lile lile. Akafahamu wazi kabisa kwamba Ethiopia akitia kwato katika boma lile, safari imekwisha.

Makutano, pale mjini Meru ambapo malori husimama kabla ya kuelekea kaskazini, walishuka kunywa chai. Wambeti hakuingia hotelini. Alimvuta mbuzi katikati ya malori na mikokoteni mpaka akampata mtu aliyemtazama Ethiopia kwa macho ya mfugaji, si ya mchinjaji. Aliitwa Mutembei, kutoka Ruiri.

"Apa kwamba hutamchinja."

"Mama, hii nataka inizalie."

"Jina lake ni Ethiopia."

"Hiyo si ni nchi?"

"Ndiyo. Ndiko naenda."

Aliugusisha uso wake kwenye uso wa mbuzi, akampa shukrani kwa Kimbeere, akapokea pesa, na akamwachia Mutembei kamba. Kisha akamtafuta dereva wa lori la viazi liendalo Moyale, mpakani, wakasikizana.

Adrian alitoka hotelini na andazi mkononi. "Mama, mbuzi iko wapi?"

"Imekuwa nauli."

"Nauli ya wapi?"

Wambeti alionyesha lori kwa kidevu. Ndwiga aliposikia alikaribia kuangusha kofia. "Mama Adrian! Mwanamke wa umri wako, na nguo za mahari, juu ya viazi?"

"Shemeji, viazi havijalalamika."

"Na harusi?" Adrian aliuliza.

"Harusi ni Desemba, nitakuwa nimerudi. Viti utatafuta wewe. Una tai na una mshahara."

Adrian alimtazama mama yake kwa muda mrefu, na labda ndipo alipohesabu, kwa mara ya kwanza, ni nchi ngapi alizozila yeye peke yake. Akavua koti lake. "Huko juu kuna baridi," alisema, akamvika mabegani na kumsaidia kupanda. Kati ya mambo yote ya siku ile, hilo ndilo lililomfurahisha Wambeti zaidi ya ngoma.

Safari ilikuwa ndefu na ya vumbi. Malori yalifuatana kwa msafara, askari wakiwa mbele kwa ajili ya majambazi, na Wambeti alikaa juu ya magunia akiuliza jina la kila kilima. Aliona ngamia wakijipangia safari zao wenyewe. Aliona jangwa la mawe meusi lisilo na hata kichaka cha kumfaa mbuzi, akalisifu vilevile, maana lilikuwa mbali na nyumbani.

Asubuhi moja alivuka mpaka kwa miguu, kitambulisho mkononi, koti la Adrian likimfika magotini. Hatua chache tu baada ya kizuizi, mwanamke aliyejifunga shuka jeupe alikuwa akikaanga buni mlangoni pake. Alimwona mgeni huyu anavyoshangaa huku na huku, akamsogezea kigoda. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Wambeti akaketi. Buni ikakaangwa mbele yake, ikatwangwa, ikachemshwa, ikamiminwa katika kikombe kisicho na mkono, na akanywa.

Kisha makaa yakaanza kufifia, naye Wambeti, kwa mazoea, akainuka kwenda kuyapuliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, na katika methali hiyo yeye alikuwa mwenyeji miaka yote: wa kuchinja, wa kupika, wa kusimama wengine wanapokaa. Yule mwanamke akamwekea mkono begani, akamrudisha chini taratibu, na kusema jambo ambalo Wambeti hakulijua lakini alilielewa lote.

Akaketi tena. Furaha ilimjaa mpaka akaogopa kupumua. Alinyoosha miguu yake yenye vumbi, akashika kikombe kwa mikono miwili, akangoja kuongezewa.