Sifuri za Mbalamwezi

Victor alizichukia sifuri, na mimi Bushra, mkuu wake wa kazi, nilichoka kumsikiliza. Ofisi yetu hapa Ilemela hutoa makadirio ya kila siku ya dagaa watakaovuliwa katika kila mwalo, yaani kituo cha wavuvi ziwani, na yeyote mwenye programu yake huyachukua kupitia mlango tunaouita API. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hubaki nyumbani, na mlango wetu hutoa sifuri tu.

"Dada, sifuri zinamaliza bando la watu," alisema. "Siku isiyo na dagaa tusiitume kabisa. Ni toleo dogo tu la programu."

Nikamkumbusha kwamba kwa kanuni toleo dogo huongeza kitu, haliondoi, maana hatujui nani anategemea nini. Akacheka. Nani anategemea sifuri? Nilipokwenda Mkolani kumjulia hali mgonjwa, akalitoa. Kijana ana akili, ila sikio la kufa halisikii dawa.

Chai ya mgonjwa haijapoa, akanipigia.

"Dada, harusi yangu imefutwa."

Alikuwa anamuoa Princess Jumamosi hiyo. Ujumbe ulitoka ukumbini: tarehe yako haipo, nafasi imefutwa, karibu tena. Baba wa Princess, Mzee Odoyo, naye alikuwa ameupata, na sasa alikuwa ofisini amekalia kiti changu.

Nikampigia mwenye ukumbi, Bi Mwaija. Akanieleza kwamba wateja wake ni wavuvi wa dagaa, na mvuvi huoa siku za mbalamwezi anapokuwa nyumbani. Kwa hiyo programu yake hutazama mlango wetu: ikiona sifuri, hufungua siku hiyo kwa harusi. Leo haikuona sifuri hata moja, ikafuta harusi zote.

"Mabibi harusi wamejaa hapa barazani wanalia," alisema. "Nani kawatuma kugusa mambo ya watu?"

Nilicheka mpaka bodaboda aliyekuwa akinirudisha ofisini akageuka kunitazama. Kisha nikaona aibu, kwa sababu wale mabibi harusi hawakutukosea lolote.

"Shikamoo baba," nilisema nilipofika.

"Marahaba. Huyu anasema ameondoa kitu kisicho na kazi, harusi ya binti yangu ikaondoka nacho. Ng'ombe wake wa mahari niwarudishe?"

Victor aliigeukia kompyuta. Jasho likimtoka, alirudisha sifuri zote mahali pake, na wasiozitaka akawafungulia njia nyingine pembeni. Baada ya muda simu ya mzee ikalia: tarehe yako ipo, karibu. Aliusoma ujumbe taratibu, akanyanyuka, akanirudishia kiti.

Princess, aliyekuja na baba yake na kukaa karibu na mlango, hakunyanyuka.

"Kabla hujaondoa, ulimuuliza nani?"

"Niliona hazina kazi," alisema Victor.

"Mimi nina shangazi, Teodora. Hapiki, hafagii, halei mtoto. Anakuja kukaa nasi."

Victor akanitazama. Nikajifanya nasoma kompyuta.

"Aje," alisema kwa sauti ndogo.

"Na hutamgusa bila kuniuliza."

"Nitakuuliza."

"Basi Jumamosi," Princess alisema, akachukua mkoba wake.

Walioana, na shangazi yuko kwao mpaka leo. Juzi nilimuuliza Victor kama ameshajua kazi ya shangazi huyo. Akasema bado, lakini siku shangazi alipokwenda Busisi kusalimia, nyumba nzima haikulala.