Namba Isiyo na Nane

Watu wa Koboko wakikwambia Ezati alinipata kwa akili zake, cheka tu. Akili ilikuwa yangu. Yeye alileta sindano.

Mwaka 1974 baba yangu, Mzee Soka, askari mstaafu, alitangaza kwamba Rosina wake, yaani mimi, aliyesoma shule ya Mvara, haolewi na mtu asiyejua hesabu. Ezati alikuwa fundi cherehani mjini Arua, na hesabu zake ziliishia kiunoni mwa wateja. Nami nilimtaka huyohuyo. Ukaidi nimeurithi kwa baba.

Basi nikampa Ezati namba niliyoonyeshwa shuleni: 12345679. Tazama vizuri, nane haimo. Mwambie mtu ataje tarakimu anayoipenda, kuanzia moja hadi tisa. Izidishe kwa tisa, kisha jibu lake ulizidishe kwa namba ile. Anayependa tatu atapata 333333333. Ila ukiirudisha nane mahali pake, mambo yanaharibika.

Macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo Ezati alipeleka kitambaa cheupe kwa Jacques, Mkongo aliyechora mabango ya maduka, amwandikie namba hiyo kwa ukubwa. Jacques, mwenye roho nzuri kuliko busara, akaona fundi amesahau nane. Akamwongezea bure. Ezati akaisifu rangi, akakagua pindo, akakikunja kitambaa. Kusoma hakusoma.

Siku ya posa kitambaa kikatundikwa ukutani mbele ya wazee. Ezati akamwomba baba achague tarakimu. Baba, kama aliyetumwa, akachagua nane. Nane mara tisa ni sabini na mbili. Kaka yangu Ondoga, mwalimu wa Kuluba, akazidisha kwa kijiti mchangani, akasoma jibu kwa sauti: 8888888808.

“Kijana,” baba akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, “hii yai iko nafanya nini katikati ya nane yangu?”

Wazee wakacheka. Ezati akainama. Mimi nilikuwa mlangoni, na nilikwisha kuiona nane ya Jacques. Hasira zilinipanda, maana posa ikivunjika kwa kicheko haiungwi tena. Lakini kwetu anayeposwa hafungui mdomo mbele ya wazee. Nikachukua maji ya kunawa, nikapiga magoti mbele ya Ezati, nikamnong'oneza: “Nane imezidi. Ikunje.”

Hakuuliza kitu. Akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akakibana kitambaa mpaka saba ikagusa tisa, akashona. Wazee akawaambia kitambaa kilikuwa na kasoro kidogo. Ondoga akafuta mchanga, akaanza upya: 888888888.

Kicheko kikakatika. Baba akainuka, akalipapasa lile kunjo kwa kidole, kisha akanigeukia mimi.

“Macho yangu iko mubaya,” akasema. “Masikio iko muzima.”

Nilijua tumekwisha. Baba akarudi kukaa, akamgeukia Ezati.

“Mimi natafuta mutu ya hesabu, kumbe hesabu iko hapa nyumbani siku mingi. Bibi nasema kunja, wewe nakunja, hapana uliza. Mutu kama hii mimi hapana pata katika jeshi yote. Chukua yeye.”

Jacques alikuja harusini akiomba radhi kwa ile nane. Nilimpa paja la kuku. Bila kosa lake, baba angeondoka pale akijua tu kwamba Ezati anajua hesabu, na huo ni uongo.