Leso ya Dada Shaza

Cherehani niliisikia kabla sijafika mlangoni. Ilikimbia, ikasita, ikakimbia tena, nikajua dada Shaza anapinda mikono ya sare za shule. Nilisimama nje, malori ya mafuta ya Changamwe yakinguruma nyuma yangu, nikaomba isinyamaze. Ikinyamaza, ataniuliza.

Mwaka jana dada alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, akaiahirisha ili cherehani inisomeshe mimi kwanza. Mafunzo ya kuandika programu za kompyuta yalikuwa ya miezi mitatu tu. Nilimwapia kwamba nikipata kazi, zamu ni yake. Chuo kimeshamwambia hakitamngojea kupita Septemba hii.

Darasani, mwalimu aliandika, sisi tukanakili. Aliyeuliza kwa nini aliambiwa ataelewa mbele. Mwishowe kila mmoja alitoka na duka la mtandaoni la kuuza leso, na siku ya kuhitimu kina mama wakapiga vigelegele. Picha ya leso niliitoa mimi. Ilikuwa ile nyekundu ya dada anayojifunga kiunoni, nimeianika kwenye kamba nikaipiga kwa simu. Mwalimu akaipenda, akawagawia wote.

Leo, kwenye mahojiano ya kazi, mwanamke aitwaye Carolyne alifungua duka langu akalitazama. Kisha akafungua la mwombaji mwingine, na la mwingine tena. Leso ile ile, kwenye kamba ile ile.

"Leso hii ni ya nani?" akauliza.

"Ya dadangu."

"Basi dadako ana wadogo wengi."

Hakusema kwa ubaya. Alinipa kompyuta yenye kioo kitupu, akaniomba niandike programu ndogo ya kutafuta jina moja kati ya majina mengi. Kutunga mashairi nilijifunza mwenyewe, na karatasi tupu haijapata kunitisha. Lakini pale vidole vililala juu ya vitufe kama vya maiti. Hapakuwa na wa kunakili kwake. Akanishukuru, akanifungulia mlango. Njia nzima nilimtukana mwalimu kimoyomoyo, na matusi yalipokwisha nikabaki na mimi.

Cherehani ikanyamaza. Dada alikuwa ameona kivuli changu kwenye pazia.

Nilimweleza yote, hata lile la wadogo wengi. Hakutabasamu. Alikunja sare iliyokuwa mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hivyo Septemba ndiyo basi," akasema.

"Utakwenda, dada."

"Ndivyo ulivyoniapia mwaka jana. Usiniapie tena, Amir."

Nilivua viatu vya mahojiano, nikavisukuma chini ya kitanda.

"Siapi. Inuka hapo, unionyeshe uzi unapopita, na unambie kwa nini unapita hapo. Sare nitashona mimi. Chuoni utakwenda wewe."