Salamu ya Gobore

Profesa alikuwa na ugonjwa mmoja, Mungu amrehemu: kila alichofanya mvumbuzi mmoja wa zamani, naye alitaka kukifanya vilevile. Mvumbuzi, eti! Sijui alivumbua nini, na njia yote alionyeshwa na watu waliokuwa wakiipita tangu wanatambaa. Lakini Profesa alikuwa amekisoma kitabu cha safari ile mpaka kurasa zikalegea, akapata kibali cha kuirudia njia nzima kwa miguu, katikati ya pori la akiba. Mvumbuzi alilala chini ya mwamba fulani, basi na wapagazi wake walale hapohapo. Mvumbuzi alivuka mto kwa kamba, haya, shikeni kamba. Na kwa kuwa misafara ya enzi zile ilipiga bunduki hewani kila ilipokaribia kambi, ili walioko wajue inaingia kwa amani, Profesa alitafuta gobore.

Aliyewalinda alikuwa askari wa wanyamapori, mwanamke asiye na maneno mengi, ambaye wote walimwita Koplo. Mmoja wa wapagazi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kwa wembamba wake walimwita Kijiti. Kijiti alikuwa ametoka jela juzijuzi tu. Alifungwa kwa ujangili, akaachiwa kabla ya muda wake kwa sharti moja: asiguse silaha. Akishika bunduki, iwe ya nani, kwa sababu yoyote ile, anarudi kumalizia miaka yake yote. Koplo ndiye aliyemdhamini, na kibarua hiki cha kubeba mizigo alimtafutia yeye.

Siku ya kuondoka mama yao alimvuta Koplo pembeni ya mlango.

"Huyu ndiye kitindamimba wangu. Umemchukua, unirudishie."

"Nitamrudisha, mama."

"Hapa nyumbani. Sio kwingine."

Walipokaribia chemchemi, Koplo aliona nyayo za viatu vya matairi na matone ya damu juu ya majani. Akaita kwenye redio, akajibiwa kwamba doria iko njiani. Kisha akamgeukia Profesa.

"Leo hakuna kupiga gobore. Kuna majangili hapa. Wakisikia mlio watajua tumewavamia."

"Lakini hii ndiyo kambi yenyewe! Mvumbuzi alipofika hapa..."

"Mvumbuzi ameshakufa, mzee. Wewe bado."

"Sawa, Koplo. Nimekuelewa."

Koplo akaamini. Akatangulia peke yake kwenda kuchungulia, akiwaacha wamekaa juu ya mizigo yao.

Yaliyotokea nyuma yake alisimuliwa baadaye. Chemchemi ilikuwa inaonekana pale chini, inang'aa, na Profesa uzalendo ukamshinda. Mpagazi aliyezoea kazi ya gobore alikuwa amevimba mguu, hawezi hata kusimama. Profesa akamkabidhi Kijiti, maana ndiye pekee aliyebaki anayejua bunduki.

"Mimi bunduki nimekatazwa, mzee."

"Hii si bunduki, hiki ni kitu cha makumbusho! Baruti tupu, haina risasi. Na dada yako yuko mbali, hatajua."

"Mlio wa hilo dude atausikia hata marehemu babu yake," mpagazi mmoja akatania, na wote wakacheka. Kijiti naye akacheka. Akainua mtutu juu, akafyatua.

Wakati huo Koplo alikuwa amelala kwenye matete, anawatazama majangili kwa karibu. Walikuwa wanakata meno ya tembo kwa shoka, damu imewafika viwikoni. Mmoja alikuwa na ndevu zilizomfunika kifua. Gobore lilipolia, Koplo alisema neno ambalo mama yake hajawahi kumfundisha. Majangili wakatupa mashoka, wakashika bunduki, wakamimina risasi kule kilimani ulikopanda moshi.

Profesa alipigwa shingoni. Alikaa chini taratibu, akaliziba tundu kwa mikono yote miwili, na damu ikampita katikati ya vidole mpaka ikaisha.

Koplo akafyatua. Jangili wa kwanza akaangukia usoni mwa tembo. Koplo akafyatua tena, wa pili akajikunja akishika tumbo na kuita mama yake. Kisha risasi ikamkuta Koplo kwenye mkono wa kulia ikausambaratisha, vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi. Bunduki ikamponyoka. Alipoinua uso, Ndevu alikuwa amesimama mbele yake, shoka mkononi, maana risasi zilikuwa zimemwishia.

Kijiti alitokea kwenye matete mbio, bila viatu, akaiokota bunduki ya dada yake.

Ndevu akamwona, akatoa macho. Yeye ndiye aliyemfundisha Kijiti kulenga shabaha. Walikula sahani moja, wakalala turubai moja.

"Kijiti? Mdogo wangu! Kumbe ni wewe?"

Kijiti akampiga kifuani. Ndevu akapiga magoti, bado anamshangaa. Kijiti akampiga tena, na tena, huku analia kwa sauti, mpaka bunduki ikawa inalia tiki tupu. Majangili waliobaki wakatimka msituni, na wapagazi wakateremka kutoka kilimani.

"Lete hapa," Koplo akasema. Akaipokea bunduki kwa mkono wa kushoto. "Hujaishika hii. Umenisikia? Gobore litupeni majini. Nimepiga mimi, wote nimewapiga mimi."

Wapagazi wakaapa. Kijiti akavua shati, akamfunga dada yake mkono, na shati likaloa palepale.

Doria ikafika jua likiwa kali bado. Mkuu wao, Afande aliyemfundisha Koplo kazi, akaizungukia miili. Akatazama matundu ya risasi kifuani kwa Ndevu. Akatazama lile shati.

"Nani kampiga huyu?"

"Mimi, Afande."

"Kwa mkono huo?"

"Kwa huu mwingine."

Askari wote walikuwa wanatazamana, hawaamini. Afande akampa Koplo bunduki yake mwenyewe na kumwonyesha kisiki ng'ambo ya maji. "Piga kile."

Koplo aliuegemeza mtutu juu ya mkono uliovunjika, maana hakuwa na pengine pa kuuegemeza. Akafyatua kwa kushoto. Bunduki ikaruka, mfupa ukalia, na damu ikachuruzika mpaka kwenye buti. Risasi ilichimba matope, mbali na kisiki.

"Rudia," akasema Afande.

Akainua tena. Meno yalikuwa yamemwingia kwenye mdomo wa chini. Alimfikiria mama yake pale mlangoni, akabana pumzi.

Kijiti alikuwa amefumba macho na kuziba masikio.

"Basi! Ni mimi! Mwacheni dada yangu, ni mimi niliyempiga!"

Sauti na mlio vilitoka pamoja. Kisiki kilipasuka katikati, vipande vikarukia majini. Hakuna aliyekitazama, kila askari alikuwa amemgeukia Kijiti.

Afande alifumba macho kidogo. Kisha akamsogelea yule kijana, akasema kwa sauti ya chini, lakini Koplo akasikia.

"Mjinga we. Nilitaka hawa waone tu kwamba anaweza, niandike jina lake, tuondoke. Sasa umesema mbele ya watu wote. Nifanyeje mimi?"

Kijiti akafumbua macho. Akakiona kisiki.

"Dada," akasema, "dada, sikujua."

Koplo akamzaba kofi kwa mkono mzima, kisha akamkumbatia kwa mkono huohuo, akamng'ang'ania. Askari mmoja akaja na pingu, akasimama akisubiri amwachie.